Mama Alipotoka na Kasha Lake

Msambweni,
3 Februari 1966

Ndugu yangu Sefu,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, karatasi ikibaki. Nina neno, na nataka ulisome kabla hujaanza kupiga miayo.

Mchukue mama. Mwezi mmoja tu, kisha nitamtaka mwenyewe. Akae kwako Matuga mpaka karibu na Idi ya kuchinja, na mimi nilale.

Najua utasema, Mwanapili ameanza. Basi nisikilize. Tangu alipoanguka pale uani, mwaka ule wa kabla ya Uhuru, akapooza upande mzima wa kulia, wewe umemwona mara ngapi? Unakuja na sukari na majani ya chai, unakaa kitako kwenye kiti cha baba, unasema, "Alhamdulillahi, mama amenawiri," kisha unakwenda zako kungoja basi. Amenawiri kwa sababu namwinua mimi, namwogesha mimi, namgeuza mimi, na nguo zake nazifua mimi kila kukicha. Mgongo wangu umekwisha, Sefu. Nikiinama kuwasha jiko nainuka kwa kushika ukuta, na hata miaka arobaini sijaifika.

Akili nayo inamtoka kidogo kidogo. Kila siku ananiuliza baba yu wapi. Mwanzoni nilikuwa nikimwambia, mama, baba alikufa, tulimzika. Analia kama mtu aliyepata habari sasa hivi. Kesho anauliza tena, namwambia tena, analia tena. Nikaona huu ni ukatili. Siku hizi namwambia baba amekwenda Tanga kwa biashara, atarudi. Hapo anatulia. Anasema, "Huyo naye kwa Tanga!" na anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wala hali kwa mkono wa mtu mwingine. Siku nilipopatwa na homa, jirani yetu Bi Esha alijaribu kumlisha, akamtemea wali kifuani. Ni mkono wangu tu. Watu wananiambia nina bahati, hizo ni radhi, nami naitikia amina.

Sasa neno lenyewe. Juzi aliusukuma uji wa moto ukanimwagikia miguuni. Kwa makusudi au si kwa makusudi, sijui. Niliinua mkono, Sefu. Niliinua mkono juu ya mama yangu. Naye akaufunika uso kwa ule mkono mmoja alio nao. Sikumpiga. Lakini wallahi sijui ni nani aliyenizuia, maana si mimi.

Wewe ni mwanawe vilevile. Maziwa yale uliyanyonya na wewe. Mchukue kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kukuandikia.

Salamu: hamjambo, wewe na Kadzo? Karatasi imekwisha.

Dada yako,
Mwanapili binti Mbwana


Matuga,
11 Februari 1966

Dada yangu Mwanapili, shikamoo.

Barua yako ya tarehe tatu nimeipokea na yote yaliyomo nimeyafahamu. Najua utacheka, utasema Sefu anaandika kama yuko ofisini. Niko ofisini. Bwana mkubwa amekwenda kunywa chai.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilitaka kukujibu kwamba nyumba yangu ni ya vyumba viwili, kwamba mke wangu ni mtu wa Kinango na hajawahi kuuguza mtu mzima, na kwamba watu wa Msambweni watasema watoto wa Mzee Mbwana wamemtoa mama yao katika nyumba ya mumewe. Unaijua midomo ya watu wetu. Nikaandika ukurasa mzima. Kisha nikarudi pale uliposema uliinua mkono, nikauchana.

Mlete. Kadzo alikubali kabla sijamaliza kumweleza. Alisema, "Kwani mama ni mgeni?" na akaanza kuhamisha magunia ya mahindi kutoka chumba cha pili.

Lakini nina sharti moja, na hili usinibishie, maana wewe na ubishi mlizaliwa pamoja. Ukishanipa, umenipa. Usije kumtazama. Usitume watu kuniuliza amekula au hakukula. Ukija utarudi na mgongo uleule. Mimi nami sitakusumbua kwa kila kikohozi. Ukiona kimya, jua ni salama. Lala, dada. Lala mpaka uchoke kulala.

Ni mimi nduguyo,
Sefu Mbwana


Msambweni,
27 Februari 1966

Sefu,

Naandika nimesimama. Nzai ameshawasha gari lake la kopra na anapiga honi kama mtu aliyebeba bwana harusi.

Uji uwe mwepesi. Kadzo aketi upande wa kushoto wa mama, ndio upande anaouona vizuri. Asimlazimishe, ambembeleze, ataufungua mdomo akimzoea. Akiuliza baba, jibu ni Tanga. Msije mkanivurugia.

Nimempa na kasha lake. Ndiyo, lilelile alilokuja nalo siku ya harusi yake, la misumari ya shaba. Nilifikiri, mtu aliyepungukiwa na akili akiamka mahali pageni asione hata kitu kimoja anachokijua, ataingiwa na hofu. Basi nimemtilia humo kanga zake zote, na kitana chake cha pembe, na mkeka wake nimeufunga juu, hata mbuzi yake ya kukunia nazi imo. Chumba chake hapa zimebaki kuta. Liwekeni karibu na kitanda, mkono wake mzima ulifikie.

Wanaume wawili wamelitoa kwa mlango wa mbele. Bi Esha alikuwa barazani kwake, akaniuliza, "Kasha linakwenda wapi tena, Mwanapili?" Nikamjibu linakwenda kutembea. Akashika kidevu. Mwache ashike, harusi ni ya mjukuu wake na bado ananialika. Ee, hilo sijakwambia! Keshokutwa ni harusi Diani na mimi nakwenda! Tangu jana nimepaka hina, mikono na miguu, na imekoza kweli. Nicheke basi. Mwanamke aliyeachwa anapaka hina ya harusi ya watu. Sijali. Nina furaha mpaka naona haya.

Mama hakulia. Nilikuwa nikiogopa atalia. Aliliangalia kasha likitoka, akaiangalia mikono yangu, kisha akajitanda kanga mpaka usoni. Hata nilipombusu hakujifunua. Nimeshukuru.

Honi tena. Mungu akulipe.

Mwanapili


Matuga,
8 Machi 1966

Dada, shikamoo.

Nakujulisha kwamba mama alifika salama na hajambo. Anakula. Amezoea. Ni mtulivu kuliko ulivyonieleza, hata sauti yake hatuisikii. Kasha tumeliweka ulivyoagiza.

Barua yako uliyompa fundi cherehani aje nayo imenifikia, na jibu langu ni kwamba umevunja sharti. Harusi ilikuwaje?

Pumzika.

Sefu


Msambweni,
14 Machi 1966

Ndugu yangu mpenzi,

Leo unazipata salamu mwanzoni, tena nyingi, maana nina wakati! Hujui neno hili lilivyo tamu. Nina wakati. Nimelala kifudifudi mpaka jua likaingia dirishani. Nimekula wali wa moto, Sefu. Miaka yote hii nimekuwa nikila mabaki yake yakiwa yamepoa, nimesahau kwamba wali hutoa moshi. Nimekwenda hospitali kuonyesha mgongo, nikapewa dawa ya kuchua. Harusini nilicheza chakacha mpaka Bi Esha akaniambia, "Kumbe bado umo!" Na kulikuwa na mtu mmoja wa Mkwiro, aliyefiwa na mkewe, aliyeniulizia kwa watu. Basi, hilo liache hapo hapo.

Lakini nikwambie jambo la kijinga. Alfajiri naamka mwenyewe. Nasikia ananiita. Naweka miguu chini, nafika mlangoni kwake, nakuta kuta. Narudi kitandani nalia, kisha nacheka, kisha nalala tena. Ndivyo kupumzika kulivyo? Hakuna aliyenifundisha.

Na sasa nakuuliza. Umeandika "anakula". Anakula nini? Anakula kwa mkono wa nani? Mtu aliyemtemea Bi Esha wali kifuani amezoeaje kwa siku chache? Na anauliza baba? Hujaniambia kama anauliza baba. Kwangu haipiti adhuhuri hajamuuliza.

Usinijibu kiofisi.

Dadako,
Mwanapili


Matuga,
19 Machi 1966

Wifi yangu Mwanapili,

Mume wangu hajui kwamba nimekuandikia. Nimesoma barua yako baada yake, na nimeona akiiweka mfukoni bila kujibu. Si mtu mbaya. Amesema ulimwambia uliinua mkono, na kwamba ukijua ukweli utakuja, na ukija utakufa. Kwa hiyo ananyamaza. Lakini mimi ndiye ninayeketi upande wa kushoto.

Mama hali. Anakunywa maji ya dafu, na uji kijiko kimoja nikimbembeleza sana, kisha anafunga mdomo. Amekwisha, wifi. Nikimwinua sasa siumii mgongo.

Tangu siku ile aliyofika amekaa ndani, ameuelekea ukuta. Hataki kutolewa barazani hata kuota jua. Akija mgeni mwanamume anajifunika shuka mpaka apite. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia yuko edani. Nilimpelekea mume wangu neno hilo, naye akalia kwa furaha. Alisema mama amekumbuka. Amejua sasa kwamba mzee alifariki, na anakaa eda ya kufiwa kama inavyotakiwa, tumwache, ni ibada yake. Akanunua nguo nyeupe ampelekee.

Mama hakuitaka. Aliisukuma chini. Mimi mambo ya eda siyajui vizuri, kwetu mila ni nyingine. Lakini nimewaona watu waliofiwa. Mtu aliyefiwa humtaja marehemu. Mama hamtaji mzee kabisa, na mimi nikimtaja anageuza uso. Kasha hataki tulifungue. Amesema, "Litafunguliwa nikipata pa kukaa." Mama anamwita mume wangu Kaka Boga. Juzi alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wa kwetu wote wamejua kwamba nimerudi?"

Haulizi mzee yu wapi. Hajauliza hata siku moja. Nimeona ulivyoliuliza hilo, nikaona lazima nikujibu.

Nisamehe.

Wifi yako,
Kadzo


Msambweni,
22 Machi 1966

Sefu,

Mjinga wewe, na mimi mjinga kukushinda. Kadzo ameniandikia, na ukimgombeza nitakuja kukuzaba kofi mbele ya bwana mkubwa wako.

Eda hiyo si ya kufiwa. Ni ya talaka. Mama anajua ameachwa!

Hukuona? Kaka Boga ni mjomba wetu, kakake, aliyekufa sisi tukiwa wadogo. Kwake ndiko alikokimbilia kila alipokosana na baba. Mwanamke wa kwetu huingia na kasha lake siku ya kuolewa. Halitoki naye tena ila siku ya kuachwa. Mimi nimemfungia kasha, nikamfunga na mkeka juu yake, nikampa na mbuzi ya nazi, nikampitisha mlango wa mbele mchana kweupe, watu wakitazama barazani, nikampakia garini, nikampeleka kwenye nyumba ya mwanamume anayefanana na kakake. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Na baba yuko hai kwake, kwa sababu mimi ndiye niliyemfufua nikamtuma Tanga. Ningemwacha afe!

Mimi, Sefu. Mimi niliyelifuata kasha langu mwenyewe kutoka Diani mpaka hapa, nyuma ya wachukuzi, nikitazama visigino vyao ili nisiwatazame watu. Bi Esha alinishikia kidevu chake, nami nikafanya mzaha. Nilitaka asiogope. Nilitaka akiamka aone kitu chake.

Fanya hivi. Kila mtu husema una sauti ya baba. Nenda ukasimame nje ya mlango wa chumba, asikuone, useme, "Mwanatumu, nimekurejea, rudi nyumbani." Sijui kama ni dhambi kuyasema maneno ya maiti. Ikiwa ni dhambi, iwe yangu. Nami nakuja na basi la Ijumaa. Sharti lako limekufa.

Mwanapili


Msambweni,
30 Machi 1966

Ndugu yangu Sefu, na wewe Kadzo,

Nimefika. Nashukuru kwa maembe mabichi, nimempa Bi Esha, mimi sikuweza.

Mliniuliza pale kituoni mama aliniambia nini nilipobaki naye chumbani, nikawajibu hakusema kitu. Alisema. Nilishindwa kuyatoa kinywani, nayaandika.

Nilikuwa bado nacheka nilipoingia, kwa sababu ulikuwa umetusimulia jinsi ulivyosimama mlangoni na sauti ya baba, naye akakujibu kutoka ndani, "Kaka Boga, acha mchezo, nina majonzi." Tulicheka sote watatu, mpaka Kadzo akaanza kulia. Basi nikaingia, nikaketi upande wake wa kushoto, nikamega wali, nikauchanganya na mchuzi wa nazi vile anavyopenda, nikaupeleka mdomoni. Nilijua atafungua. Nilikuja na basi njia nzima nikijiambia, ni mkono wangu tu anaoungoja, akiuona atakula.

Aliutazama mkono. Hina ya harusi haijatoka yote, Sefu. Imebaki kuchani. Aliutazama, kisha akanitazama usoni, akasema kwa adabu kabisa, "Mwari, nilikuona ulipokuwa ukinifungia kasha. Hina yako ilikuwa mbichi. Hukungoja hata nitoke."

Nikamwambia, mama, ni mimi Mwanapili. Akasema, "Jina la mwanangu usilitaje." Akafumba mdomo. Nilikaa na ule wali kiganjani mpaka ukapoa, na mdomo haukufunguka.

Basi mimi ndiye mke mwenziwe. Mimi ndiye niliyemtoa. Miaka yote hiyo ya kumwinua na kumgeuza, na mkono aliokuwa akila nao sasa anaona una sumu. Sina wa kumlaumu. Yeye aliona alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli: nilikuwa nikilifunga kasha huku nafurahi.

Yule mtu wa Mkwiro alituma mjumbe. Nimemjibu hapana. Sitaki tena kutiwa hina maishani mwangu.

Kadzo, wewe jaribu. Kwako anapokea maji. Usimwambie ni chakula changu.

Nyumba imenyamaza. Naweza kulala hata mchana kutwa, hakuna wa kuniita.

Mwanapili


Matuga,
5 Aprili 1966

Dada, shikamoo.

Leo sina maneno ya ofisini.

Idi imetupita. Daktari amekuja nyumbani, amempima, akasema haoni ugonjwa mpya, ni njaa. Akituuliza kwa nini hali, sisi tutamjibu nini? Amesema akiendelea hivi hatafika mwisho wa mwezi.

Jana Kadzo alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu, akamuuliza, "Mama, utakula nikifanya nini?" Mama akaniita. "Kaka Boga, wewe unajua kuandika. Mwandikie yule mwanamke." Nikachukua karatasi. Haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza.

"Mwambie simgombi. Nyumba nimemwachia, na mume nimemwachia, wapeane heri. Lakini kuna mtoto wangu nimemwacha mle. Babake hakunipa nitoke naye. Anaitwa Mwanapili. Amwangalie. Ana kifua, baridi ya alfajiri humpata, amfunike. Wali uliopoa hapendi, atasema ameshiba na hajashiba. Asimtwishe ndoo za maji, mgongo wake bado mchanga. Akifanya ubishi asimpige. Ni mbishi, lakini ukimwacha kidogo hurudi mwenyewe. Akiinuliwa mkono huogopa sana, hata kama hapigwi. Mwambie, kama naye ni mwanamke, aniletee jibu. Nikisikia mtoto hajambo, nitakula. Nisiposikia, chakula kitapita wapi, na mwanangu yuko kwa mama wa kambo?"

Dada, nilimwambia. Nilimwambia Mwanapili ni mtu mzima, ni huyo aliyekuja hapa na basi, aliyekulisha miaka yote. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa na akili. Akasema, "Kaka, mwanangu namjua."

Kumbe alikuwa haombolezi mume, wala nyumba. Alikuwa na njaa yako.

Sikuombi. Jambo kama hili siwezi kumwomba mtu. Nimekuandikia alichosema, basi. Kadzo naye amekuwa akiamka mara nyingi, na leo asubuhi nilimwona akishika ukuta.

Nduguyo,
Sefu


Msambweni,
7 Aprili 1966

Sefu,

Iliyo chini msomee mama. Usibadili neno, na usilie mbele yake, atashuku.

Usimlete tena kwangu. Nimelifikiria kila upande. Lile kasha likibebwa mara nyingine atajua hata kwa kaka yake amefukuzwa, na atakuwa hana kwingine kabisa. Akae hapo. Mimi nitaonekana kwake siku ya kumwosha, ikiwa yeye atanitangulia, na siku hiyo hatautazama mkono wangu.

Kadzo asimwinue peke yake. Mkono mmoja chini ya bega, mmoja chini ya goti, na wewe upande wa pili. Na usimngoje akuandikie kama mimi nilivyokuandikia. Chukua likizo yako, umtunze mama wewe, mkeo aende kwao Kinango akalale. Aende na kikapu tu. Fanya hivyo kabla hajainua mkono.

Sasa msomee.


Kwa Bi Mwanatumu,

Shikamoo, bibi.

Mimi ni yule mwanamke. Maneno yako yamenifikia na nimeyashika yote.

Mtoto yupo, hajambo. Alfajiri namfunika mimi mwenyewe. Wali nampa ungali moto, nakaa naye mpaka amalize, simwamini akisema ameshiba. Ndoo za maji hatwishwi, mgongo wake unauma kidogo lakini nampaka dawa. Ni mbishi kweli, ulivyosema, wala simpigi. Siku moja niliinua mkono, nikauteremsha. Sitauinua tena, naapa kwa Mungu.

Kwamba nilikuwa na hina ulipokuwa ukitoka, ni kweli. Niliifurahia, na furaha hiyo imenitoka. Nisamehe ukiweza, na usipoweza pia utakuwa na haki.

Lakini ule, bibi. Huyo binti aliye karibu nawe akikuletea uji, fungua mdomo. Mtoto akija kusikia kwamba mama yake hali, na yeye hatakula.

Kila siku ananiuliza mama yangu yu wapi. Namwambia amekwenda kupumzika, atarudi. Hapo anatulia.

Mimi,
mke mdogo